Usishike Sindano Yoyote: Vile Shanga za Krosi Stichi Zilinipeleka Hasara Hapa Mjambere

Manze, wacha nianze na aibu yangu ndio tuelewane.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa barazani kwetu hapa Mjambere, saa nne usiku, stima imerudi dakika kumi tu zilizopita, na mapajani nina kitambaa cheupe chenye majina mawili, la bwana harusi na la bibi harusi. Majina nishayamaliza kwa krosi stichi, ule mshono wa X X, rangi ya maruni, safi kabisa. Kilichobaki ni kuzungusha shanga za dhahabu kwa ukingo, shanga 160. Mwenye oda yuaja kesho saa sita mchana. Mimi kichwani nasema hii kazi ni ya saa mbili, nalala mapema.

Nikatoa sindano ile ile niliyoshonea majina. Nikachota ushanga wa kwanza. Ukaingia hadi karibu na mwisho wa sindano, hapo kwenye tundu la uzi, ukakwama. Nikasukuma. Ukakataa. Nikabana na meno (usicheke), nikavuta, na ushanga ukafanya "tak!" ukapasuka, kipande kikanirukia shavuni. Nikachukua mwingine. Tak! Wa tatu ukapita, nikajiambia ah, kumbe ni kuzoea tu.

Kufikia saa saba usiku nilikuwa nimevunja shanga kama thelathini, nimeenda dukani kwa jirani kuomba sindano ya kushonea nguo, sindano hiyo nayo imechana nyuzi za yale majina mazuri, na kwenye pembe moja vishimo viwili vya kitambaa vimeungana vikawa kimoja. Ile oda ilikuwa ya thao tatu na soo tano. Nilikuwa nishakula advansi ya thao moja na soo tano. Kesho yake nikairudisha, nusu nikakopa kwa mbogi ya maskani, na yule mama akaondoka na uso ambao sitausahau. Kitambaa ninacho hadi leo. Nimekitundika juu ya kitanda, kinanitazama.

Sasa, kabla hujaanza kunichoma: ndio, mimi ni chali na nashona vitambaa. Chuo niliacha kwa sababu ya fees, stori ndefu, siku nyingine. Khalati yangu ameshona vitambaa vya makochi toka sijazaliwa, na kazi ya mkono haina jinsia. Nenda Lamu uone wanaume wakitoboa na kushona kofia za mkono, mtu anakaa na kofia moja wiki kwa wiki. Hakuna anayewauliza swali la kijinga. Tuendelee.

Asubuhi ya ile aibu, khalati alikuja akaketi kando yangu, akaokota kile kitambaa, akakigeuza nyuma, akatazama. Halafu akaniuliza swali moja tu. "Mwanangu, hii sindano uliipimisha kwa nini?"

Nikamwambia niliipimisha kwa kitambaa. Ilikuwa yaingia fiti kwa kitambaa.

"Na ushanga je? Ushanga haukuulizwa?"

Hapo ndipo nilipochanuka. Hii makala yote ni hilo swali. Ukishona krosi stichi tupu, sindano yaongea na kitambaa peke yake. Ukiingiza shanga, kuna mtu wa tatu kwenye mazungumzo, na huyo wa tatu ndiye bosi. Sindano yachaguliwa na kitobo cha ushanga kwanza. Kitambaa chaja cha pili.

Mahali panene pa sindano si pale wadhani

Ili tusichanganyane, kuna mashimo matatu hapa. Sindano ina tundu, hapo pa kupitisha uzi. Ushanga una kitobo. Kitambaa kina vishimo. Sawa?

Sasa chukua sindano yoyote uishike kwa mwanga. Ncha ni nyembamba, mwili ni wa wastani, na penye tundu pamepanuka kidogo, maana chuma kimebonyezwa ili uzi upate njia. Hapo ndipo panene kuliko pote. Halafu ongeza hii: uzi ukiwa ndani ya tundu umejikunja, kwa hivyo pale pana chuma, pana uzi upande huu, na pana uzi upande ule. Hiyo mzigo yote ndiyo yatakiwa ipite kwenye kitobo cha ushanga. Ndiyo maana ushanga huingia vizuri kwa ncha, wasafiri mwili mzima kama uko kwa barabara ya lami, halafu wakwama mwisho. Mimi nilidhani ni ushanga mbovu. Ushanga haukuwa na kosa, wasee.

Na kitobo chenyewe ni kidogo vipi? Shanga tunazotumia sana kwa kazi hizi ni zile ndogo za kioo zinazoitwa namba 11, pakitini waziona zimeandikwa 11/0. Ushanga wenyewe una upana kama milimita 2 hivi. Kitobo chake hakifiki milimita 1. Kuna ndogo zaidi, namba 15, upana kama milimita 1 na nusu, hizo kitobo chake ni cha kutafuta na tochi ya simu. Na kuna kubwa, namba 8, kama milimita 3, hizo hata sindano nene yapita bila matata.

Umeona kitu? Namba ikipanda, ushanga washuka. Sindano pia ni hivyo hivyo. Sindano namba 28 ni nyembamba kuliko namba 24. Hii ndiyo iliniua, maana akili yangu ilikuwa yasema namba ndogo ni sindano ndogo. Nikaenda dukani nikaitisha 24 nikidhani nanunua nyembamba. Kumbe najinunulia msumari.

Kuna familia mbili za sindano, na haziongei

Sindano za krosi stichi zina ncha butu. Ukijidunga nayo hutoki damu. Butu ni makusudi: kitambaa cha krosi stichi, kile wauzaji huita Aida, kimefumwa tayari kina vishimo vyake, kwa hivyo sindano haina haja ya kutoboa, kazi yake ni kutafuta kishimo na kuteleza ndani. Ncha ikiwa butu, inaposhuka kwenye kishimo ambacho tayari kina uzi wa X ya jirani, yausukuma kando na kupita. Haiuchani. Tundu lake ni refu, ili uzi wa nyuzi mbili tatu uingie bila kuitana.

Sindano za shanga ni wengine kabisa. Nyembamba kama unywele wa paka, ndefu (ile ya kawaida yafika sentimita 5), tundu lake jembamba karibu sawa na mwili, na ncha yake ni kali. Namba zake tunazokutana nazo ni 10 na 12. Hizi zilitengenezwa kwa kutunga: shanga ishirini kwa mpigo, kama zile za kiunoni. (Wapwani mnajua naongelea nini. Wengine ulizeni shangazi zenu.)

Na namba zao hazilinganishwi. Sindano ya shanga namba 10 ni nyembamba kuliko sindano butu namba 24, ingawa 10 ni ndogo kuliko 24. Kila familia yajihesabu kivyake. Usinitoe jasho kuuliza kwa nini, mimi mwenyewe nilitaka kulia.

Sasa mtu wa kawaida atasema: basi si nitumie sindano ya shanga, jina lenyewe laeleza? Hata mimi nilikimbilia huko baada ya ile aibu. Nikapanda mathree hadi mjini, nikaenda Biashara Street, nikapita maduka ya leso, nikafika kwa duka moja la vifaa vya ushonaji, nikaitisha sindano ya shanga namba 12. Nikarudi nayo Mjambere kama nimebeba dawa.

Ushanga ukapita, kweli. Hadi mwisho, bila tak. Lakini yakaanza mambo mengine. Kwanza, sindano ya sentimita 5 kwa kitambaa kilichovutwa kwenye fremu ya duara yakupeleka mkono mbali kila mara, unashona ushanga mmoja kama unavuta maji kisimani. Pili, ni laini, yapinda. Baada ya shanga arobaini ilikuwa na umbo la upinde wa mvua. Tatu, na hii ndiyo mbaya, ile ncha kali haijui kishimo. Ukiteleza kidogo tu yatoboa kitambaa kando ya kishimo, na ukishatoboa pale ushanga wakaa kombo, mmoja ameangalia Likoni mwingine Changamwe. Na ikikutana na X yako yapita katikati ya uzi, yaupasua. Mbele hauoni. Ukishafua mara mbili tatu ndio waona uzi umeota manyoya.

Kwa hivyo nini? Jibu langu, na nimelifanyia kazi karibu mwaka sasa, ni hili: kama kitambaa chako kina vishimo vyake na shanga zako ni namba 11, anza na sindano butu namba 28. Ndiyo nyembamba ya ile familia ya krosi stichi, ni fupi, ina ncha butu, na mara nyingi yapita kwenye ushanga wa namba 11 ukiweka uzi mwembamba. Namba 26 yapita kwa baadhi ya shanga na yakataa kwa zingine, hata za pakiti moja. Namba 24 usijaribu. Hiyo ni ya kushonea X zenyewe kwa kitambaa cha 14, na hapo ni fundi kweli kweli.

28 ikikataa, au shanga zako ni namba 15, sasa hapo nenda kwa sindano ya shanga, namba 10 kwanza kabla ya 12, na ukipata ile fupi ya sentimita 3 hivi, ichukue hata kama bei imeongezwa. Yapinda kidogo, yashikika vizuri, na mkono hausafiri. Ncha yake ni kali bado, kwa hivyo unaenda pole pole. Khalati yeye hukisugua kile kincha kwa sehemu ya nyuma ya kikombe cha kauri, ule udongo usio na rangi chini, mara kumi kumi na tano, hadi kiwe butu kidogo. Nilidhani ni uchawi. Yafanya kazi.

Kujaribu kabla ya kulipa

Hapa ndipo wengi mnapigwa. Usinunue sindano kwa macho. Beba shanga zako tano kwa kikaratasi na kipande cha ule uzi utakaotumia. Ukifika dukani, tia uzi kwenye sindano, kisha pitisha ushanga wote hadi utoke upande wa uzi. Sindano tupu ikipita haimaanishi kitu, lazima iwe na uzi ndani. Halafu rudisha sindano kwenye ushanga ule ule mara ya pili, huku uzi wa kwanza ungali ndani.

Kwa nini mara ya pili? Kwa sababu ushanga ukipitiwa mara moja huwa unacheza. Wasimama wima, waanguka, wageuka. Kazi ya kuonewa fahari ni ile ushanga umepitiwa mara mbili. Unatoka chini kushoto kwa mraba, unachota ushanga, unashuka juu kulia, kisha unatoka tena pale pale chini kushoto, unapita ndani ya ushanga tena, unashuka. Sasa umelala, hauendi popote. Na ukitaka kuupeleleza zaidi, ukiwa na nyuzi mbili, zile mbili zitenganishe mara ya pili, moja ipite kushoto kwa ushanga na nyingine kulia, umeushika mabega kama askari wawili na mshukiwa.

Sindano inayopita mara ya kwanza kwa kubanwa haitapita mara ya pili. Hiyo ndiyo siri yote ya kuvunja shanga. Wauzaji wengine watakuangalia vibaya ukijaribu pale dukani. Waache waangalie. Wewe ndio utakaa usiku.

Na uzi usiwe mnene. Ule wa krosi stichi, kama wa Anchor, umesokotwa kwa nyuzi sita. Kwa shanga chambua moja, ukizidi mbili. Uzi wa pamba ni mzuri wa rangi lakini kingo za kitobo cha kioo ni kali na humsugua taratibu. Kwa kitu kitakachofuliwa au kukaliwa, kama mto wa kochi, natumia uzi wa poliesta wa cherehani wa rangi ya kitambaa, naupitisha kwa kipande cha mshumaa kwanza ili uteleze. Kama ni cha kuwekwa ndani ya fremu ya kioo, pamba yatosha.

Kwa nini kitambaa cha 14 na si cha 18

Hii nitapita haraka lakini usiiruke, maana sindano sahihi kwa kitambaa kisicho sahihi ni bure.

Hiyo 14 ni idadi ya miraba kwa inchi moja. Inchi ni milimita 25.4, ukigawa unapata mraba wa kama milimita 1.8. Ushanga wa namba 11 una upana wa kama 2, kwa hivyo utasema hauenei. Lakini ushanga haulali sawa, walala kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na huo mshazari ni kama milimita 2.6. Hapo waenea, na wenzake wawili kando wana nafasi ya kupumua. Kwa kitambaa cha 18, mraba ni milimita 1.4 na mshazari ni 2 tu. Ukishona shanga za namba 11 zikifuatana pale zitasukumana kama watu kwa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, na kitambaa chote kitajikunja kama samosa. Kwa cha 18 tumia namba 15, au ruka mraba mmoja mmoja.

Na kama kitambaa chako hakina vishimo, yaani ni kitambaa cha kawaida umechora kwa penseli, au ni bui-bui, au dera, hapo nakula maneno yangu yote ya juu. Sindano butu haitapita. Hapo wataka ncha kali, namba 10 ya kushonea kwa mkono ambayo tundu lake ni dogo la duara, au ile ya shanga fupi. Mafundi wa makubazi wanaoshona shanga kwa ngozi wao wako kwa ligi nyingine kabisa, sindano zao ni kali na uzi ni wa nailoni, maana ngozi haina huruma. Usiwaige kwa kitambaa cha Aida. Kila mtu na wateja wake.

Jasho, chumvi na kutu

Hii sehemu video za Wazungu hazitakwambia, maana hawaishi Kisauni.

Sisi tuko kando ya bahari. Hewa ina chumvi, jua lina chuki, mkono unatoka jasho hata umekaa. Sindano hizi nyingi zimepakwa tu ngozi nyembamba ya nikeli juu ya chuma, na hiyo ngozi ikiisha kwa jasho, kutu yaingia. Sindano yenye kutu huwa yakwaruza, haitelezi kwenye kitobo, na kibaya zaidi, ukiiacha imedungwa kwa kitambaa cheupe usiku mmoja tu wa mvua ya Mei, asubuhi unaamkia doa la kahawia ambalo halitoki kwa Omo wala kwa dua. Nimeliona kwa kitambaa cha khalati. Tulilificha kwa kuongeza ushanga juu yake. Mwenye kitambaa akisoma hii, samahani mama.

Sheria nyumbani kwetu sasa: hakuna sindano yalala kwenye kazi. Zinakaa kwa kichupa cha dawa chenye kifuniko, ndani pamoja na vile vifuko vidogo unavyopata kwenye sanduku la viatu, vyenye chembe za kunyonya unyevu. Usivitupe vile, na usiviache karibu na watoto. Mikono naosha kwa sabuni na kupaka poda kidogo kabla ya kuanza. Kama mikono yako ni ya jasho sana kuna sindano zilizopakwa dhahabu tunduni au mwili mzima, ni ghali, lakini zadumu zaidi. Mimi bado najikongoja na za kawaida.

Na sindano ikipinda, iage. Usiinyooshe. Ukinyoosha utaivunja kesho, na kipande kitaingia kwa zulia na kitamtafuta mtoto wa jirani. Ikivunjika, usinyanyuke kabla hujapata vipande vyote. Sumaku ya spika mbovu yafaa sana hapa, nilitoa moja kwa spika iliyoungua hapo kwa fundi wa redio, naipitisha juu ya mkeka kila nikimaliza kazi. Naokota hadi ambazo sikujua nimepoteza.

Shanga zenyewe nazo ni watu

Niseme ukweli, kuna siku sindano haina makosa. Shanga nyingi nzuri za kioo zinazotumika Kenya, hata zile unazoziona kwa shingo na mikono ya Wamaasai wanaouza kwa bichi za Nyali na Bamburi, zatoka Jamhuri ya Czech. Wengi hudhani ni kitu kilichochimbwa Kajiado. Biashara ya shanga kuja huku si ya jana, imekuwepo kwa mamia ya miaka. Ukizishika zile nzuri utaona vitobo viko sawa sawa. Zile za bei ya chini zinazouzwa kwa kipimo cha kijiko huwa mchanganyiko: mmoja mnene, mmoja kama chipsi, mwingine kitobo kimejaa rangi au kimeziba kabisa.

Hizo za bei ya chini si za kutupa, ni za kuchambua. Kabla sijaanza namwaga kwa sahani juu ya kitambaa kizito ili zisiruke, nachukua ile sindano nitakayotumia, yenye uzi wake, na napitisha kila ushanga mara moja. Unaopita waenda kulia, unaokataa waenda kushoto. Kwa shanga 160 ni kama nusu saa ukiskiza mangoma. Unaokataa usilazimishe. Ule uliopasuka nusu ndio mbaya zaidi, waweza kuushona ukakaa vizuri, halafu ile kingo yake ikakata uzi pole pole, na siku ya siku shanga sita zadondoka kwa sakafu ya mtu mbele ya wageni. Jina lako nalo ladondoka pamoja nazo.

Kama wataka kuona kazi ya shanga ya watu waliokaa nayo miaka, si lazima uende mbali. Bombolulu, hapo barabara ya Malindi, kuna karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 ambapo watu wenye ulemavu hutengeneza vito, vitu vya ngozi, mbao na nguo. Mimi nilienda kutazama mikono tu. Mwenye kujua hafanyi haraka, na hasukumi.

Hiyo ya kusukuma ndiyo khalati alinipigia kelele zaidi. "Wewe wasukuma sindano kama wasukuma mkokoteni Kongowea," aliniambia. Ukihisi upinzani, simama. Rudisha. Badilisha ushanga, au badilisha sindano. Nguvu haijawahi kuongeza upana wa kitobo.

Kutia uzi kwa zile nyembamba nako ni mtihani, hasa stima ikienda. Kata uzi kwa mkasi mkali, kwa mshazari. Usilambe uzi, hujaa na kufura. Lowesha tundu la sindano badala yake, halafu lete sindano kwa uzi, si uzi kwa sindano: banisha uzi katikati ya vidole hadi uone ncha tu, ushushe tundu juu yake. Kile kiwaya chembamba cha kuingizia uzi kinachokuja na pakiti za sindano mara nyingi ni kinene kwa tundu la namba 12, kitalivunja. Weka karatasi nyeupe nyuma, utaliona tundu. Ukishindwa mara tano, geuza sindano upande wa pili wa tundu, wakati mwingine upande mmoja umetobolewa vizuri kuliko mwingine.

Ile oda ya harusi sikuipata tena, na sikutarajia. Lakini mwezi wa pili mwaka huu jirani wa hapa Bakarani alikuja na kazi ya dada yake, mto mmoja mdogo wa kuwekea pete, herufi mbili na shanga za fedha 90 kuzizunguka. Thao moja na soo nane. Nilimwambia sichukui advansi. Nikachambua shanga kwanza, kumi na saba zikaenda kushoto. Nikajaribu 28, ikapita mara mbili bila kubanwa. Nikashona siku mbili, mchana, mlangoni, na sikusikia "tak" hata moja.

Alipokuja kuchukua, dada mtu aligeuza mto, akapitisha ukucha juu ya shanga mstari mzima, kwa nguvu, akinitazama machoni. Hazikucheza. Akafungua pochi.